Wanga wa Vijiko Viwili

Chupa hamsini na nane zilikuwa zimekwisha kuvishwa, zimebaki mbili, na Everline alikuwa amekaa chini kwenye mkeka akibandika lebo, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Lebo zenyewe, jamani, usiseme. Kijani na njano, SIAGI YA SIMSIM YA EVERLINE kwa herufi zilizonona, na nyuma kijisanduku chenye mistari kama cha kiwandani: kwa kijiko kimoja, wanga gramu 21, protini gramu 17, mafuta gramu 54. Kila akikitazama kile kijisanduku alijiona mtu.

"Hapa ndipo Magan alipolainika," alisema Wakoli, mumewe, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amerudishwa kwenye geti la kiwanda kwa kukosa kazi ya kibarua na sasa alikuwa akipanga chupa kwenye katoni. "Gramu kumi na saba za protini kwa kijiko! Hata nyama haifikii."

Magan alikuwa na duka la vyakula Eastleigh, na tangu mwanzo alikuwa amesema wazi kwamba chupa isiyo na maandishi nyuma haitapanda kwenye rafu yake. Basi Everline akaenda supamaketi, akanunua chupa moja ya siagi ya simsim ya kiwanda, akaipeleka kwa msichana wa saiba, pale pa kompyuta za kukodi, na kumwambia anakili zile nambari moja baada ya nyingine. Kitu kimoja tu alikirekebisha. Chupa ya kiwanda ilisema kwa gramu mia. Everline akacheka. Nani hapa mtaani Baba Dogo anakula gramu mia? Watu wanakula kijiko. Futa hapo, akamwambia yule msichana, andika kijiko kimoja, watu wangu waelewe. Akatoka pale akijiona amewafanyia wateja hisani.

Simu yake ilitetemeka saa mbili kasorobo. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Salme, jirani wa mlango wa tatu, mama ya Hikma. Wapangaji wote wa ploti walimjua Hikma: msichana wa miaka tisa, mwembamba, mwenye ugonjwa wa sukari ule unaowapata watoto, ambaye hawezi kula hata kipande cha muhogo kabla ya kuchomwa sindano. Everline akaiweka ile sauti kwa nguvu ili Wakoli naye asikie anavyosifiwa.

"Mama Triza, sabahi njema, mwenzangu. Nimekupigia hodi mapema nikaona mlango umefungwa. Nilitaka kukushukuru kwa ile chupa ya jana. Wallahi umenitua mzigo! Unajua wiki iliyopita kliniki walinifundisha kuhesabu wanga, nisome lebo, nigawe kwa kumi, ndiyo insulini ya Hikma. Sasa vya nyumbani havina lebo, nilikuwa nakisia tu. Leo nimesoma yako. Vijiko viwili, wanga arobaini na mbili, nikampiga yuniti nne, mkate nikauhesabu kando. Na zile peremende za kubeba shule, za sukari ikishuka, nimezitoa, zinamharibu meno. Nimemtilia chupa yako kwenye mkoba. Nimemwandikia mwalimu, akizidiwa apewe vijiko viwili. Haya, naingia kazini, simu tunaacha getini. Mungu akuzidishie."

Wakoli alicheka kwa furaha. "Umesikia? Sasa wewe ni daktari!"

Everline hakucheka. Tabasamu lilikuwa limemfia katikati, pale kwenye yuniti nne. Hakujua chochote kuhusu insulini. Alichokijua ni kwamba zile nambari hakuna mtu aliyezipima. Zilitoka kwenye chupa ya mwingine, na palipokuwa na gramu mia yeye ameweka kijiko.

"Si ni nambari tu?" alijiambia kwa sauti. "Mia au kijiko, si simsim ni simsim?"

Lakini vidole vyake vilikuwa tayari vinatafuta jina la Sista Mbeti.

---

Mbeti alikuwa muuguzi katika zahanati moja karibu na mzunguko, na mteja wa Everline wa siku nyingi. Alimsikiliza Everline bila kumkatiza, kitu ambacho si kawaida yake.

"Hebu nisomee tena," alisema. "Polepole."

"Kwa kijiko kimoja. Wanga ishirini na moja, protini kumi na saba, mafuta hamsini na nne."

"Jumlisha."

"Nini?"

"Jumlisha, Mama Triza! Ishirini na moja, kumi na saba, hamsini na nne."

"Tisini na mbili."

"Kijiko chako kinabeba gramu tisini na mbili? Hicho ni kijiko au sepetu? Kijiko cha siagi ni gramu kumi na tano! Gramu mia ni vijiko sita, saba. Wanga kwenye kijiko ni tatu hivi, na hata katika hizo tatu kuna nyuzinyuzi, ambazo haziwi sukari mwilini. Huyo mtoto amekula sita, amechomwa sindano ya arobaini na mbili. Alichomwa saa ngapi?"

"Mama yake huondoka saa moja."

"Sasa ni saa mbili. Nisikilize. Ile dawa inafanya kazi sasa hivi, na haina cha kufanyia kazi. Sukari yake inashuka. Atatetemeka, atatoka jasho, ataonekana kama amelewa au ana usingizi, halafu atazimia. Yuko wapi?"

"Shuleni, ile ya barabara ya viwandani."

"Kimbia. Sukari ya kawaida, unasikia? Ya chai. Kama anameza, mpe maji ya sukari au soda. Kama hamezi usimmiminie kitu, atapaliwa. Mlaze ubavu, mpake sukari kwenye fizi, ndani ya shavu. Mimi nachukua dawa nakuja. Na Mama Triza, hiyo siagi yako asipewe. Haitampandisha. Ni mafuta tu, na itakupotezea wakati."

Everline alipiga simu ya Salme mara tatu. Ilikuwa imezimwa, ipo kwenye sanduku la askari wa kiwanda cha nguo pamoja na simu za wanawake wengine mia mbili. Nambari ya shule hakuwa nayo. Triza wake alikuwa kidato cha pili Bungoma, kwa nyanya yake; hakuwa na sababu ya kuwa nayo.

Wakoli alikuwa amesikia kila kitu. Alisimama mlangoni na katoni mikononi.

"Nenda," alisema. "Lakini Everline, hilo la lebo usilitaje. Sema umeota vibaya. Sema mama yake amekutuma. Ukisema ni lebo utafungwa. Mtoto akifa watu watakuja hapa na mawe, unawajua watu wa hapa."

"Sogea, Baba Triza."

"Nasema tu usilitaje!"

"Sogea!"

Alitoka na malapa, leso kiunoni, na pakiti ya sukari ya nusu kilo aliyoipapasa rafuni bila kuangalia.

---

Alikimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na moja mwenye magoti mabovu alikimbia barabara ya viwandani akipita kando ya malori, na watu wakamtazama wakidhani anamkimbiza mwizi. Mmoja aliuliza, "Ameenda wapi, mathe?" Everline akampita. Kichwani alikuwa anapiga hesabu ambayo kamwe hakuwahi kuipiga. Sita kwa arobaini na mbili. Sita kwa arobaini na mbili. Aliogopa mpaka mate yakakauka, akaogopa na kuogopa kwake, maana kila alipojiambia hajafa, kitu ndani yake kilijibu: wajuaje?

Kwenye geti la shule askari alitaka kitambulisho.

"Kuna mtoto anakufa ndani!"

"Kila mzazi hapa ana haraka, mama. Kitambulisho, na uandike kwenye kitabu. Jina, saa ya kuingia, unamwona nani."

Akasimama pale mwanamke wa watu, jasho likimtiririka, akiandika Everline Nabiswa kwa kalamu isiyotoa wino, akiirudia herufi mara mbili mbili, na askari akimwambia asikwaruze kitabu cha serikali. Badala ya kitambulisho alimwachia simu. Alipogeuka kuulizia darasa la nne hakuhitaji jibu. Nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, kwenye ile baraza ambako wazazi husubiri, kulikuwa na kundi la watu, wameinama wote wakitazama kitu kilichokuwa chini.

Hikma alikuwa amekalishwa sakafuni, ameegemea miguu ya mwalimu wake. Hijabu yake nyeupe ilikuwa imelowa jasho kama imetoka kufuliwa. Macho yalikuwa wazi nusu, hayamtazami mtu. Kinywa kilikuwa kimepakwa siagi, nzito, ya rangi ya udongo, na nyingine ilikuwa imeteremka mpaka kidevuni.

"Alianza kusinzia kwenye hesabu," Mwalimu Sylvance, kijana wa watu, alikuwa akiwaeleza wazazi. "Nikamwambia asimame, nikidhani ni uvivu. Akaanguka. Lakini mama yake ameleta maagizo, tunayafuata. Tumempa vijiko viwili, sasa ni dakika kumi. Namwongeza cha tatu."

Kwenye mapaja yake palikuwa na kile kikaratasi cha Salme, mwandiko safi wa kukoleza: Akizidiwa apewe vijiko viwili vya siagi hii, ina wanga mwingi. Asipewe peremende. Na mkononi alikuwa na chupa. Kijani na njano.

"Usimpe!" Everline alipiga kelele.

Mwalimu aliinua kichwa. "Wewe ni nani wake?"

"Jirani. Usimpe hiyo. Nina sukari hapa, mpe sukari."

"Mama, tafadhali. Mzazi ameandika asipewe vitu vitamu. Huyu ana ugonjwa wa sukari, unataka nimuue?"

"Atakufa kama hujampa!"

"Haya makelele ya nini?" alisema mwanamke mmoja mnene kwenye benchi, na Everline akamtambua: Amino, anayeuza vitambaa karibu na kanisa, aliyechukua chupa mbili jana na kuwaonyesha wenzake kile kijisanduku. "Si huyu ndiye mwenye siagi yenyewe? Mwalimu, mpe tu, mimi mwenyewe naila. Ina nguvu. Soma hapo nyuma."

Na mwalimu akasoma, kwa sauti, mbele ya watu wote, akifuata na kidole. "Kwa kijiko kimoja, wanga gramu ishirini na moja. Wanga ndiyo sukari. Vitatu ni sitini na tatu. Inatosha, mama. Iko hapa, imeandikwa."

Alichota kijiko cha tatu.

Everline alikuwa na neno moja la kusema. Alimsikia Wakoli: usilitaje. Aliona simu mbili zimeshainuliwa zinamrekodi. Alizifikiria zile katoni sebuleni, miaka miwili ya kukaanga simsim kwenye sufuria moja mpaka macho yanamwasha kwa moshi. Kisha mkono wa Hikma ukaanza kurukaruka, peke yake, kidogo kidogo, kama kuku aliyekwisha kuchinjwa.

"Lebo ni uongo!" Everline alisema. "Mimi ndiye nimeiandika! Nimenakili nambari za chupa ya watu, nikaandika kijiko mahali pa gramu mia! Hakuna wanga humo, ni mafuta matupu! Mtoto amechomwa sindano kwa sababu ya uongo wangu, mpe sukari, mwalimu, nakuomba, nakuomba, halafu mniitie polisi!"

Amino alishika kinywa. Mwalimu Sylvance alikitazama kijiko, akamtazama yeye, na Everline hakusubiri amalize kutazama. Alipiga magoti, akakipiga kile kijiko kwa mkono kikaanguka, akamlaza mtoto ubavu. Alirarua pakiti kwa meno. Akaifuta ile siagi kwenye kinywa cha Hikma kwa ncha ya leso, siagi yake mwenyewe, na haikutoka upesi, iling'ang'ania fizini, akawa anailaani kwa Kibukusu. Kisha akachovya kidole kwenye sukari, akakiingiza ndani ya shavu, akasugua. Akachovya tena. Meno ya mtoto yalikibana kidole mpaka damu ikatoka. Hakukitoa.

"Hikma. Mama. Hikma."

Hakuna kitu. Alisugua. Chembe za sukari zilimwagika sakafuni, na mzazi mmoja akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Dakika ngapi zilipita Everline hakujua. Baadaye mwalimu alisema sita, naye akakataa katakata, akasema ni saa nzima. Alichokumbuka ni kwamba meno yaliachia. Kisha koo likasogea: mtoto amemeza. Kisha macho yakaja kutoka mbali, yakamtua usoni.

"Mama Triza," alisema Hikma, kwa ulimi mzito. "Kwa nini unalia?"

---

Mbeti alifika na bodaboda, akapima sukari, akasema tatu nukta moja, bado chini, lakini inapanda, akaagiza mtoto anyweshwe soda na alishwe mkate, kisha akaondoka naye kwenda zahanati. Polisi hawakuitwa. Mwalimu mkuu alisema shule haitaki jina lake magazetini, na akamwomba Everline aandike barua, na aiache ile chupa kama ushahidi. Wakati anatoka, Amino alitoa mkobani chupa iliyobaki, akaiweka chini karibu na miguu yake bila kumpa mkononi. "Na pesa yangu utanirudishia," alisema.

Saa kumi jioni chupa zote zilikuwa kwenye beseni la maji ya moto, na Everline alikuwa akizikwangua lebo kwa kisu cha jikoni, kidole kimefungwa kitambaa. Wakoli alikaa kitandani upande wa pili wa pazia.

Magan alipiga simu. Gari lake liko Baba Dogo, mzigo uko wapi? Everline akamweleza, yote, bila kujikinga.

"Kwani hilo ni jambo?" alisema Magan. "Bandika karatasi nyingine juu. Andika kidogo, andika tatu. Mama, mimi nina biashara ya miaka kumi na minane, nakuambia, hakuna mtu anayesoma hizo nambari."

"Kuna mtu alisoma," Everline alisema, akakata.

Akasikia hodi. Salme aliingia bado amevaa koti la kazini lenye nyuzi mabegani, amemshika Hikma mkono, na Everline akasimama upesi hadi maji yakamwagika. Siku nzima alikuwa ameyapanga maneno. Sasa yalimpotea yote.

"Mama Hikma, nisamehe. Nisamehe, mama."

Uso wa Salme ulikuwa umechoka tu, na hilo lilimwogopesha Everline kuliko matusi. Alivuta kiti, akamkalisha mwanawe mezani, akatoa kwenye mkoba daftari na kile kisanduku kidogo cha sindano.

"Sista Mbeti amenieleza ulichofanya," alisema. "Vyote viwili, cha lebo na cha shuleni. La kusamehe tutaliongea siku nyingine, leo sina nguvu. Nimekuja kwa jambo moja. Kesho asubuhi huyu lazima ale. Niambie kijiko chako kina wanga ngapi, niandike."

"Sista amesema tatu hivi."

"Hivi?"

"Karibu tatu."

"Hiyo ni ya simsim ya kiwanda. Ya kwako? Wewe hukaanga zaidi, na siku nyingine hutia mbegu za maboga. Ya kwako ni ngapi?"

Everline alifungua mdomo. Nambari zilikuja nyingi, zote za kupendeza, na hakuna hata moja aliyothubutu kuigusa.

"Sijui, Mama Hikma."

"Mimi sina pa kuandika karibu," Salme alisema taratibu. "Mimi nina sindano." Akafunga daftari.

Mezani palikuwa na bakuli la siagi ambayo haikuwahi kutiwa chupani, na kijiko kimesimama ndani. Hikma aliipenda ile siagi. Tangu Januari ndiyo alikuwa akiikimbilia kila akitoka shule, akiilamba mpaka anakaripiwa. Aliunyoosha mkono kwa mazoea, akakichukua kijiko kimejaa, akakifikisha karibu na mdomo. Hapo akasimama. Alimtazama mama yake, kisha Everline, kisha kijiko.

"Hiki ni ngapi?" aliuliza.

Hikma alingoja jibu, kisha akakirudisha kijiko ndani ya bakuli polepole, akifanya hadhari kisimdondokee hata tone kwenye vidole.

"Sina njaa," alisema, na tumbo lake likanguruma, wakalisikia wote watatu.